Shampuu ya kusafisha kwa kina

Shampuu ya kusafisha kwa kina ni aina ya shampuu yenye nguvu kuliko ile ya kawaida, inayotengenezwa ili kuondoa vitu vilivyoganda na kurundikana juu ya nywele na ngozi ya kichwa kwa muda mrefu. Vitu hivyo ni pamoja na madini ya maji magumu, metali kama vile shaba na chuma, klorini ya mabwawa ya kuogelea, mabaki ya jeli, nta, mafuta na kondishena, pamoja na chokaa inayobaki baada ya kutumia baadhi ya dawa za kunyoosha nywele.

Shampuu hiyo haikusudiwi kutumika kila siku. Hutumika mara moja moja, hasa nywele zinapokuwa nzito, zisizong'aa na zisizopokea tena mafuta wala kondishena, au kabla ya kazi ya saluni kama kutia rangi na blichi. Ikitumika vizuri hurudisha nywele katika hali yake ya kawaida. Ikitumika mno hukausha nywele na kuwasha ngozi ya kichwa.

Aina zake

Chupa nyingi zinazouzwa kwa kazi hii hufanana kwa nje, lakini zimegawanyika katika makundi mawili yanayofanya kazi tofauti.

Kundi la kwanza ni shampuu ya kuondoa mabaki ya bidhaa. Nguvu yake inatokana na viambato vya kusafishia vinavyotoa povu jingi na kubeba mafuta, nta, jeli na vumbi.

Kundi la pili ni shampuu ya kukamata madini, inayoitwa pia shampuu ya kelati. Pamoja na viambato vya kusafishia, ina kemikali zinazoshika chembe za kalisi, magnesi, chuma na shaba na kuzitoa juu ya unywele.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa mnunuzi. Mtu ambaye tatizo lake ni maji ya kisima yenye chumvi anaweza kuosha nywele mara nyingi kwa shampuu ya kundi la kwanza, akazikausha bila kuondoa madini yenyewe. Vilevile mtu aliyerundika jeli na mafuta ya mgando hahitaji shampuu ya kelati. Njia ya kutambua ni kusoma orodha ya viambato nyuma ya chupa, si maneno yaliyoandikwa mbele.

Muundo wa unywele

Unywele umeundwa hasa na protini inayoitwa keratini. Sehemu ya nje ni magamba membamba yaliyopangwa kama vigae vya paa, kila kimoja kikifunika sehemu ya kinachofuata, ncha zake zikielekea chini. Ndani yake kuna sehemu nene inayoupa unywele nguvu, unyumbufu na rangi.

Juu ya magamba ya unywele mzima kuna tabaka jembamba sana la mafuta ya asili ambalo huzuia maji kupenya ovyo. Tabaka hilo likiondolewa na blichi, dawa ya kunyoosha au jua kali, uso wa unywele hubadilika: hupenda maji zaidi na huwa na sehemu nyingi zenye chaji hasi ya umeme.

Hapo ndipo penye asili ya mlimbikizo wa madini. Ioni za kalisi, magnesi, shaba na chuma zina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na chaji hasi za unywele na kunasa. Kwa sababu hiyo nywele zilizotiwa blichi au dawa hukusanya madini mengi kuliko nywele ambazo hazijaguswa, hata kama zote zinaoshwa kwa maji ya ndoo moja. Ncha za nywele, ambazo ni kongwe kuliko sehemu iliyo karibu na ngozi, hubeba madini mengi zaidi.

Kondishena nazo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Viambato vyake vikuu vina chaji chanya, navyo hukaa juu ya unywele hata baada ya kusuuzwa. Ndiyo maana nywele huwa laini baada ya kondishena, na ndiyo maana pia kondishena ikirudiwarudiwa bila kuosha vizuri huacha utando.

Vyanzo vya mlimbikizo

Maji magumu

Maji magumu ni maji yenye kalisi na magnesi nyingi. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kabonati ya kalisi katika lita moja ya maji. Katika mpangilio unaotumika sana, maji yenye miligramu 0 hadi 60 huitwa laini, 61 hadi 120 magumu kiasi, 121 hadi 180 magumu, na zaidi ya 180 magumu sana.

Maji hupata ugumu yanapopita katika miamba ya chokaa. Kwa hiyo visima vya Zanzibar na vya sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe, kwa kawaida hutoa maji magumu. Katika bara, maji ya visima vya Dodoma na maeneo mengine makavu ya katikati ya Tanzania yanajulikana kwa chumvi na ugumu wake. Hali si ya Afrika tu: London na kusini-mashariki mwa Uingereza hutumia maji yaliyopita katika miamba ya chokaa, na wageni wengi huona nywele zao zikibadilika baada ya kuhamia huko.

Dalili za maji magumu zinaonekana nyumbani bila kipimo chochote: sabuni haitoi povu kwa urahisi, birika na sufuria za kuchemshia maji hupata magamba meupe ndani, na bomba la bafu huota chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na kalisi hutengeneza ugaga mweupe usioyeyuka. Ugaga huohuo unaoonekana kwenye beseni ndio unaobaki kwenye nywele za anayeziosha kwa sabuni hiyo.

Shaba na chuma

Chuma hutoka katika maji ya baadhi ya visima na katika mabomba yaliyoshika kutu. Huacha rangi ya wekundu au kahawia inayoonekana zaidi kwenye mvi na nywele nyepesi.

Shaba hutoka katika mabomba ya shaba na katika dawa za kuua mwani kwenye mabwawa ya kuogelea. Ikizidi, hugeuza nywele nyeupe au za dhahabu kuwa za kijani. Mwaka 2011 wakazi kadhaa wa mji mdogo wa Anderslöv nchini Sweden walipata nywele za kijani, na chanzo kikaonekana kuwa shaba ya mabomba ya maji katika nyumba zao. Katika nywele nyeusi rangi hiyo haionekani, lakini shaba yenyewe huwa ipo na hufanya madhara yaleyale wakati wa kutia rangi.

Mabwawa ya kuogelea

Klorini hutiwa katika mabwawa ili kuua vijidudu. Huondoa mafuta ya asili ya nywele na kuzifanya kuwa kavu na zenye kukatika. Watu wengi hudhani kwamba klorini ndiyo inayogeuza nywele kuwa za kijani, lakini rangi hiyo hutokana na shaba. Klorini huchangia kwa kuuchakaza unywele hata ukashika shaba kwa urahisi.

Bidhaa za nywele

Jeli, nta, dawa za kupuliza za kushikilia mtindo, mafuta ya mgando na krimu zenye silikoni huacha utando juu ya unywele. Baadhi ya silikoni huyeyuka katika maji na huondoka kwa shampuu yoyote. Nyingine haziyeyuki, na chache zimetengenezwa zishike sana sehemu zilizoharibika. Mafuta ya mgando na nta hayaondoki kwa maji matupu wala kwa kondishena peke yake.

Mlimbikizo wa aina hii huonekana sana kwa watu wenye mitindo inayokaa muda mrefu. Nywele zilizosukwa rasta au kufunikwa kwa wivingi hupakwa mafuta na jeli kwa wiki kadhaa bila kuoshwa sawasawa. Zinapofumuliwa, ukanda wa uchafu mweupe au wa kijivu huonekana pale msuko ulipoanzia. Watu wenye dredi nao hupata tatizo la nta iliyonasa katikati ya dredi.

Dawa za kunyoosha nywele

Dawa za kunyoosha nywele ziko za aina mbalimbali. Zile zenye hidroksidi ya natiri huuzwa zikiwa tayari kwa kupaka. Nyingine huuzwa zikiwa sehemu mbili: krimu yenye hidroksidi ya kalisi na maji yenye kabonati ya guanidini, ambayo huchanganywa muda mfupi kabla ya kupakwa. Mchanganyiko huo hutoa hidroksidi ya guanidini, ambayo ndiyo inayonyoosha nywele, pamoja na kabonati ya kalisi, yaani chokaa.

Chokaa hiyo hubaki juu ya nywele. Aina hii ya dawa hutangazwa kuwa nafuu kwa ngozi, lakini watumiaji wake wengi hulalamika baada ya miezi kadhaa kwamba nywele zimekuwa ngumu, kavu na zisizong'aa. Sababu mojawapo ni kalisi iliyojengeka juu yake. Kuongeza mafuta hakusaidii, kwa kuwa mafuta hukaa juu ya chokaa. Kinachohitajika ni shampuu ya kelati.

Dalili

Dalili za mlimbikizo ni pamoja na hizi:

- nywele hazing'ai hata baada ya kuoshwa;
- ukizishika zina utando kama wa nta, au ni ngumu kama majani makavu;
- maji huteleza juu yake na huchukua muda mrefu kulowa;
- mafuta na kondishena hukaa juu bila kuingia;
- shampuu ya kawaida haitoi povu;
- rangi ya saluni haishiki, au hushika sehemu moja na kuacha nyingine;
- kuna ungaunga mweupe usio mba kwenye shina au ncha za nywele;
- nywele nyepesi au mvi hugeuka kijani, njano au nyekundu.

Dalili hizi hufanana na za nywele zilizoharibika. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuosha kishungi kimoja kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, kupaka kondishena, kuacha kikauke, kisha kukilinganisha na nywele nyingine. Kikiwa laini na chenye kung'aa, tatizo lilikuwa mlimbikizo. Kikibaki kikavu na chenye kukatika, unywele wenyewe umechakaa na shampuu haitautengeneza.

Jinsi inavyofanya kazi

Viambato vya kusafishia

Molekuli ya kiambato cha kusafishia ina pande mbili: mmoja hupenda maji na mwingine hupenda mafuta. Molekuli nyingi huzunguka tone la mafuta, pande zinazopenda mafuta zikielekea ndani, na kulibeba hadi likaondoka na maji ya kusuuzia. Katika shampuu za aina hii viambato vinavyotumika sana ni salfeti kama sodium laureth sulfate, sodium lauryl sulfate na ammonium lauryl sulfate, au sodium C14-16 olefin sulfonate. Huwa na chaji hasi, kwa hiyo huweza pia kuondoa mabaki ya kondishena yenye chaji chanya. Shampuu hizi kwa kawaida huwa na viambato vichache vya kulainisha, au hazina kabisa, ili zisiache utando mpya.

Viambato vya kukamata madini

Povu peke yake haliondoi vizuri kalisi au shaba iliyonasa kwenye keratini. Kazi hiyo hufanywa na molekuli zinazoizingira ioni ya metali pande zote na kuishika kama gando la kaa. Neno kelati lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando. Ioni ikishashikwa hivyo huyeyuka katika maji na kuondoka.

Kiambato kinachojulikana zaidi ni EDTA, ambayo huandikwa kwenye chupa kama disodium EDTA au tetrasodium EDTA. Vingine ni tetrasodium glutamate diacetate, sodium gluconate, phytic acid na citric acid. Shampuu nyingi za kawaida pia zina EDTA, lakini kwa kiasi kidogo cha kulinda shampuu yenyewe isiharibike. Ikiwa kiambato hicho kipo mwisho kabisa wa orodha, shampuu hiyo haikutengenezwa kwa kuondoa madini.

Viambato vya kuondoa klorini

Shampuu za waogeleaji mara nyingi huwa na sodium thiosulfate au vitamini C, ambazo huibadilisha klorini kuwa kloridi isiyodhuru nywele.

Historia

Neno shampuu linatokana na Kihindi, lugha ambayo kitenzi chake kilimaanisha kukanda au kubonyeza mwili. Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna nchini India mwaka 1759, alifungua bafu la mvuke na kukandwa mjini Brighton, Uingereza, katika miaka ya 1810 na kulifanya neno hilo kuwa maarufu. Baadaye maana yake ilihamia kwenye kuosha nywele, kisha kwenye kitu cha kuoshea.

Shampuu za kwanza za viwandani zilikuwa sabuni. Hans Schwarzkopf wa Berlin alianza kuuza shampuu ya unga mwaka 1903. Sabuni hizo zilikuwa na kasoro moja kubwa: katika maji magumu ziliacha ugaga, na watu walilazimika kusuuza kwa siki au maji ya limau. Katika miaka ya 1930 zilikuja shampuu zisizo za sabuni, mojawapo ikiwa Drene ya kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliyotoka mwaka 1934. Ziliosha vizuri hata katika maji magumu, lakini zilikausha nywele.

Watengenezaji wakaanza kuongeza viambato vya kulainisha, na katika miaka ya 1980 zilienea shampuu zilizochanganywa na kondishena zenye silikoni. Suluhisho la ukavu likaleta tatizo la utando, na ndipo shampuu za kuondoa mabaki zilipopata soko lake. Mwanzoni mwa karne ya 21 watu wengi wenye nywele za kujikunja na za kipilipili waliacha shampuu za salfeti na kuosha kwa kondishena peke yake. Wengi wao waligundua kwamba bado wanahitaji kusafisha kwa kina mara moja moja.

Jinsi ya kutumia

Hatua zinazofuatwa kwa kawaida ni hizi:

1. Kufumua misuko na kuondoa mafundo kwa vidole au chanuo la meno mapana kabla ya kulowesha. Nywele zilizotoka kwenye rasta zikiloweshwa na mafundo yake hukaza na kukatika.

2. Kulowesha nywele kabisa kwa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili au tatu. Maji ya moto sana huongeza ukavu.

3. Kupaka shampuu kwanza kwenye ngozi ya kichwa na kusugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha.

4. Kushusha povu kwenye nywele kuelekea ncha bila kuzisugulia pamoja kama nguo. Nywele ndefu au nyingi hugawanywa katika mafungu manne na kuoshwa fungu moja baada ya lingine.

5. Ikiwa ni shampuu ya kelati, kuiacha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika chache, ili viambato vipate nafasi ya kukamata madini.

6. Kusuuza kwa maji mengi. Kama povu lilikuwa kidogo, kurudia mara ya pili. Mara nyingi povu huongezeka mafuta yanapokuwa yameondoka.

7. Kupaka kondishena mara moja. Nywele zilizosafishwa hivi hazina kinga juu yake. Wenye nywele kavu, za dawa au za kipilipili hushauriwa kupaka kondishena nzito, kufunika kichwa kwa kofia ya plastiki na kuacha dakika 15 hadi 30.

8. Kukausha kwa kubonyeza kwa taulo laini, kisha kupaka mafuta kidogo wakati nywele bado zina unyevu.

Panapokuwa na maji magumu tu, inafaa kuweka kando lita chache za maji ya mvua kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Vinginevyo sehemu ya madini yaliyoondolewa hurudi na maji ya kusuuzia.

Mara ngapi

Hakuna kipimo kimoja kinachofaa watu wote. Mtu anayetumia jeli, nta au silikoni mara kwa mara anaweza kusafisha kwa kina kila baada ya wiki mbili hadi nne. Anayeosha kwa maji magumu sana huhitaji shampuu ya kelati takribani mara moja kwa mwezi. Muogeleaji wa kila siku anaweza kuhitaji mara moja kwa wiki. Anayeosha kwa maji laini na kutumia vitu vichache anaweza kukaa miezi bila kuihitaji. Baada ya kufumua rasta au wivingi ni wakati unaofaa kwa karibu kila mtu.

Kabla ya rangi, blichi na dawa

Rangi za kudumu na blichi hutumia peroksidi ya hidrojeni. Shaba na chuma vilivyomo katika unywele huharakisha kuvunjika kwa peroksidi hiyo, na kemikali zinazotokea hushambulia keratini. Matokeo yake ni rangi yenye mabaka na nywele zinazokatika. Kukiwa na metali nyingi, hasa kutokana na rangi zenye chumvi za metali au hina iliyochanganywa na chumvi hizo, nywele zinaweza kupata joto kali na kuyeyuka mikononi mwa msusi.

Kwa sababu hiyo wasusi waangalifu humuuliza mteja kwanza anaosha kwa maji gani na amepaka nini kichwani katika miezi iliyopita. Panapokuwa na shaka, hukatwa nywele chache na kulowekwa katika mchanganyiko wa peroksidi na matone ya amonia. Nywele zikipata joto, zikitoa mapovu au zikibadilika rangi ghafla, kazi huahirishwa. Ikumbukwe kwamba shampuu ya kelati hupunguza madini yaliyotoka katika maji, lakini haitoshi kuondoa rangi ya chumvi za metali. Nywele hizo huachwa zikue na kukatwa.

Kwa dawa ya kunyoosha, utaratibu ni tofauti. Ngozi ya kichwa haipaswi kuoshwa kwa nguvu siku chache kabla ya kupaka dawa, kwa kuwa kusugua huondoa mafuta yanayoilinda na dawa huweza kuiunguza. Usafishaji wa kina hufanywa takribani wiki moja kabla. Baada ya kusuuza dawa hutumika shampuu nyingine, ya kuzimua, ambayo huondoa ualkali. Baadhi yake hutoa povu la waridi dawa inapokuwa bado ipo, na jeupe inapokuwa imekwisha. Shampuu ya kusafisha kwa kina haichukui nafasi ya hiyo.

Tahadhari

Shampuu hii hupunguza rangi ya nywele, kwa hiyo haifai mara tu baada ya kutia rangi. Pia hufupisha muda wa matibabu ya saluni ya keratini.

Wenye ukurutu, vidonda au ngozi ya kichwa iliyoungua kwa dawa wanapaswa kusubiri wapone. Salfeti huweza kuwasha ngozi nyepesi, na povu likiingia machoni husafishwa kwa maji mengi. Nywele za watoto wadogo kwa kawaida hazihitaji zaidi ya shampuu laini.

Mba, mapunye na kukatika kwa nywele kwenye mashina si mlimbikizo. Ngozi ikiendelea kuwasha, kutoa magamba au kupata mabaka yasiyo na nywele baada ya kuoshwa vizuri, inafaa kumwona mtaalamu wa afya badala ya kuongeza shampuu.

Njia nyingine

Siki iliyozimuliwa kwa maji mengi, kama vijiko viwili vya chakula katika lita moja, huyeyusha chokaa kidogo na kufanya magamba ya unywele yalale. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya shampuu ya kelati, na haiondoi nta wala silikoni. Ndimu na limau zina asidi ya sitriki, lakini maji yake yakiachwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huweza kusababisha malengelenge na madoa meusi.

Magadi, soda ya kuokea na sabuni ya unga ya kufulia hutoa mafuta, lakini ni alkali. Hufungua magamba ya unywele na kuyaacha yamenyanyuka, na mara nyingi huongeza ugumu ambao mtu alitaka kuuondoa.

Katika Oman na pwani ya Waswahili majani ya mkunazi yaliyosagwa yametumika tangu zamani kuoshea nywele, na pia kuoshea maiti. Yana saponini, yaani viambato vya asili vinavyotoa povu. Huosha kwa upole, ila hayafui dafu mbele ya mafuta ya mgando yaliyoganda. Katika Moroko hutumika udongo wa ghassoul, ambao hunyonya mafuta.

Kuzuia mlimbikizo

Kuzuia ni rahisi kuliko kuondoa. Njia zinazosaidia ni kukinga maji ya mvua, ambayo ni laini, na kuyatumia kwa nywele. Maji ya kisima yakichemshwa na kuachwa yapoe, sehemu ya kalisi hutuama chini kama chokaa, na maji ya juu humiminwa polepole. Njia hiyo hupunguza ugumu unaotokana na bikabonati tu. Ule wa salfeti na kloridi hubaki.

Vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye bomba la bafu hupunguza klorini, lakini vingi havilainishi maji. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kubadilishana ioni, ambao hutoa kalisi na magnesi na kuweka natiri mahali pake.

Muogeleaji hulowesha nywele kwa maji safi na kupaka kondishena kidogo kabla ya kuingia bwawani, kwa kuwa unywele uliokwisha kulowa hunywa maji kidogo ya bwawa. Baada ya kutoka husuuza mara moja.

Mazingira

EDTA haiozi kwa urahisi katika maji taka na huweza kubeba metali hadi mitoni. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji hutumia viambato vinavyooza haraka zaidi, kama tetrasodium glutamate diacetate na sodium gluconate.

Dhana zisizo sahihi

Baadhi ya shampuu hizi huuzwa kwa madai ya kutoa sumu mwilini. Shampuu hufanya kazi juu ya nywele na ngozi tu. Haifikii damu wala viungo vya ndani. Madai kwamba hukuza nywele au hurefusha nywele za kipilipili nayo hayana msingi, ingawa nywele zilizopunguziwa utando hukatika kidogo wakati wa kuchana. Vilevile povu jingi si kipimo cha ubora: katika maji laini shampuu dhaifu hutoa povu jingi, na katika maji magumu hata iliyo nzuri huweza kutoa kidogo.

Tazama pia

- Nywele
- Keratini
- Sabuni
- Hina
- Mkunazi
- Kalisi
- Maji